Jina mu mugongo, jina mu simu



Ilikuwa siku ya yenga, kisha misa, mu lupango moja ya Manika. Kijana moja, mutoto wa mufanyakazi mwenzetu, alimaliza masomo ya sekondari miaka mbili iliyopita na mpaka leo hana kazi. Alishika simu ya baba yake, akaandika maneno tatu ya Kifaransa: recrutement, mine, Kolwezi. Ukurasa wa kwanza wenye ulitokea ulikuwa na rangi za kampuni kubwa, alama yake, na picha za makamyo ya machimbo. Waliomba dola 25 za kufungua dosye, zitumwe kwa simu. Mama yake aliuza mufuko wa unga wenye familia ilikuwa itumie mwezi muzima.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja asubuhi, kijana alikuwa ku mulango wa kampuni na karatasi yake. Mulinzi akamuonyesha wengine wenye walikuwa wamesimama pembeni: wote walikuwa na karatasi ile ile. Kazi haikuwako. Hata dosye haikuwako.

Sisi wa sendika tunaletewa habari kama hii mara mingi. Na kila mara mutu wa familia anatuambia neno moja: «Lakini tata, ilikuwa ya kwanza mu Google!» Ni juu ya neno hilo tunaandika leo.

Wengi kati yetu tunafikiri kwamba kile chenye kinatokea kwanza mu simu njo cha kweli kupita vingine. Haiko vile. Google ilianza mwaka 1998 kule Marekani, na vijana wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Wazo lao la mwanzo lilikuwa zuri: ukurasa wenye kurasa zingine mingi zinauonyesha kidole, huo upande juu. Ni sawa mu soko. Kama bamama kumi wanakuambia «enda kwa yule wa pale ku kona, samaki yake iko muzuri», utaenda kwake.

Lakini tangu mwaka 2000 wanauza pia nafasi za matangazo pamoja na majibu. Wanaziuza kwa mnada. Mwenye tangazo anachagua maneno, anasema atalipa kiasi gani kila mara mutu analigusa, na mutambo unapima bei yake pamoja na namna tangazo linafaa, kisha unapanga nani apite mbele. Neno «kazi» linauzwa. Neno «nyumba ya kupanga» linauzwa. Hata jina la kampuni moja, mutu mwengine anaweza kulinunua. Pembeni kunaandikwa neno moja dogo, «Sponsorisé», na mutoto mwenye ana haraka ya kazi halioni. Facebook nayo inauza nafasi kwa namna yake, na mu makundi ya WhatsApp uongo unatembea bila hata kulipa. Mama mwenye analipa kodi ili akae pa mulango wa soko, amelipa nafasi tu. Nyanya zake zinaweza kuwa zimeoza.

Kuko kijana moja wa kwetu, mutoto wa mufanyakazi wa zamani, mwenye anafanya kazi hiyo Lubumbashi. Anasaidia maduka, hoteli na masomo ya kulipa zionekane mu simu. Tulimuita aje kutufasiria, na hakutuficha kitu. Alisema: «Batata, batu habasome ukurasa ya pili. Mwenye hayuko ku ya kwanza, ni kama hayuko mu muji.» Alituambia tena kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kujua maneno yenye watu wanaandika usiku, wakati hawana mwenye kuuliza. Mbele ya mwezi wa tisa wanatafuta masomo ya watoto. Wakati wa mvua wanatafuta dawa ya malaria. Kazi, wanaitafuta kila siku. Tukamuuliza: na huyu mwenye anatafuta kazi, ni nani anamungojea kule juu? Akajibu: «Mwenye alilipa. Ao mwenye aliandika muzuri na mara mingi kupita wengine.» Sehemu hiyo ya pili muikumbuke, tutairudilia.

Sasa tuseme juu ya majina, yenye vijana wanaita marke. Wazee wetu walijua marke mbele ya intaneti. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kisha uhuru, kazi ilipita mu mikono ya serikali, mpaka ikaitwa Gécamines. Watu walikuwa wanasema: Gécamines njo baba, Gécamines njo mama. Hakuna mwenye aliwalipa waseme vile. Nyuma ya jina kulikuwa nyumba, poso, hospitali na masomo ya watoto. Hatusemi kwamba wakati ule ulikuwa paradiso. Mu mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière wenye walifanya mugomo Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, walipigwa risasi na askari. Na mwaka 2003, wakati watu zaidi ya 10.000 walitoka mu Gécamines kwa mupango wenye Benki ya Dunia ilisaidia kulipia, jina lilibaki ku mulango, lakini mu manyumba mingi chakula kilipunguka. Wengi wetu tulikuwa vijana wakati ule. Tuliona baba zetu wakirudia karatasi moja kila asubuhi kama vile wataikuta imebadilika.

Leo muji umejaa majina. Vibanda vya kuuza mega vimepakwa rangi za Vodacom, Airtel na Orange. Ku barabara ya kwenda ku machimbo, mabango yanatuambia kwamba usalama wetu njo kitu cha kwanza. Na salopeti yenye unavaa iko na jina kubwa mu mugongo. Mu bistro wanakusalimia kwa jina hilo, na mwenye duka anakupa deni juu ya jina hilo.

Lakini fungua kontra yako. Kwa wengi wetu, jina lenye liko pa sahihi haiko lile la mu mugongo. Ni jina la kampuni ya pembeni, ile ya «sous-traitance». Siku unaumia, kampuni ya mugongo inakuambia: wewe hauko mutu wetu. Kampuni ya kontra inakuambia: ngojea kwanza wakubwa watulipe. Unabaki katikati na mukono wenye umefungwa bandeji, na bibi yako hajui aende kugonga ku mulango gani.

Sheria ya mwezi wa 2 mwaka 2017 juu ya sous-traitance ilifanywa ili kazi hizo zipewe kampuni zenye mtaji wake mwingi uko wa Wakongomani. Tunaikubali sheria hiyo. Lakini Mukongomani mwenye anafungua kampuni, na Mukongomani mwenye anashuka mu shimo, wote wawili walindwe. Tusitumie wa kwanza kama pazia mbele ya wa pili.

Jambo hilo la jina kuwa juu na muzigo kubaki chini, tuliliona pia mbali na hapa. Mu mwezi wa 12 mwaka 2019, familia za Kongo zenye watoto wao walikufa ao waliumia mu machimbo ya kobalti zilipeleka mashitaka Washington, juu ya Apple, Dell, Microsoft, Tesla, na Alphabet, yenye iko kampuni mama ya Google. Ndiyo, ile ile Google yenye mutoto wetu anaandikamo «recrutement». Mwaka 2021 tribinali ilikataa mashitaka, na mu mwezi wa 3 mwaka 2024 tribinali ya juu ikakubaliana na hukumu ile. Waamuzi walisema kwamba kununua kobalti ku mwisho wa njia ndefu ya biashara haiko sawa na kushirikiana na wale wenye kutumikisha watu ku mwanzo wa njia. Hatuko wanasheria, na hatuwezi kuwafundisha waamuzi wa Marekani kazi yao. Lakini mufanyakazi mwenye salopeti yake iko na jina moja na kontra yake jina lingine, alielewa hukumu hiyo mara moja.

Na jina la muji wetu? Andika tu «Kolwezi» mu simu. Utaona vita ya mwaka 1978, askari wa Ufaransa wakishuka na parashiti, na sinema yenye walifanya juu yao mwaka 1980. Utaona watoto wenye kubeba mifuko ya mawe. Hatukatae. Mwaka 2016 Amnesty International na Afrewatch waliandika ripoti juu ya watoto mu machimbo ya mikono, na ni muzuri waliandika, sababu wengi walikuwa wamenyamaza. Lakini mama mwenye anapika bukari ku mulango wa kampuni mbele jua halijatoka, mwalimu wa Kapata, kwaya zenye zinajaza muji siku ya yenga, delege mwenye alibishana juu ya maski za vumbi mpaka zikapatikana: hao hawaonekane. Mwenye anatafuta Kolwezi kutoka mbali anakuta shimo na mutoto. Tajiri mwenye anapatana bei ya kazi yetu anatuona vile vile, watu wasio na jina.

Kosa haiko la wengine tu. Sisi wa sendika tuko na sehemu yetu. Tunaandika matangazo yetu kwa Kifaransa kigumu, tunayabandika ku ukuta wa ofisi, mvua inayanyeshea, kisha tunashangaa kwamba vijana wanasikiliza matapeli. Kijana wa Lubumbashi alituambia: mwenye anaandika muzuri na mara mingi anapanda, hata bila kulipa. Tapeli anaandika kila siku. Sisi tunaandika siku ya mugomo.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na tunajiomba sisi wenyewe kwanza.

Sendika zote za machimbo za Lualaba na Haut-Katanga zifungue ukurasa moja, kwa Kiswahili chenye watu wanasema na kwa Kifaransa, wenye utaonyesha kila juma nafasi za kazi zenye ziko kweli na majina ya uongo yenye yanatembea. Delege wa kila machimbo alete habari zake. Hiyo haiombe makuta mengi, inaomba uvumilivu.

Kampuni zibandike orodha ya kazi ku mulango wao na ku ofisi za komini, Dilala na Manika. Kila mara marke yao inaibiwa na matapeli, watangaze mara moja, kwa Kiswahili pia. Wanalinda alama yao vikali wakati muchuuzi wa soko anaishona ku kofia. Wailinde vile vile wakati inatumiwa kunyanganya mama unga.

Tena: kampuni yenye inaweka jina lake mu mugongo wa mutu, iwe na jina lake mu makubaliano yenye yanasema nani atalipa hospitali siku mutu huyo anaumia. Kama hawataki, watupe salopeti bila jina. Tutafanya kazi nayo, na watu mu muji watajua kwa nini iko tupu.

Na kwenu wa familia. Kazi ya kweli haiuzwe. Mwenye anakuomba makuta mbele ya kukupa kazi, ata kama ni dola 5, muache. Usitume picha ya karte yako ya muchaguzi kwa mutu mwenye haujui sura yake. Angalia neno «Sponsorisé». Angalia anwani ya ukurasa herufi kwa herufi, sababu mara mingi wanabadilisha moja tu. Kisha zima simu, uende kuuliza ku ofisi ya ONEM, ao kwa delege wa sendika mwenye anakaa mu kartie yako. Hatulipishe mutu juu ya jibu.

Yule kijana wa lupango ya Manika alikuja kutuona juma lililopita. Hakuja kulia. Alituletea simu yake na nambari zote tano zenye zilimuomba makuta, ameziandika pamoja na tarehe. Tumemuomba awe wa kwanza kuandika mu ukurasa wetu. Amekubali, na tunatafuta wengine kama yeye.