Herufi Hutangulia Mashine

Husemwa siku hizi kwamba mashine zimeanza kusoma mawazo, na kwamba karibuni asiyeweza kusema atazungumza kwa kuwaza tu. Kwa maoni yetu, usemi huu waweza kumpotosha mwalimu, hasa yule atakayemkuta darasani mtoto ambaye ulimi na mikono havimtii.

Yafaa kwanza tuelewe kazi ya mashine hizo. Mwaka 1988, Farwell na Donchin wa Marekani walieleza chombo cha kuandikia kwa ubongo. Herufi na alama zilipangwa kwenye kioo cha kompyuta katika mistari 6 ya kulala na 6 ya kusimama. Mistari ilimulikwa mmoja mmoja, na elektrodi zilizobandikwa kichwani zilipokea badiliko dogo la umeme wa ubongo kila ulipowaka mstari wenye herufi iliyokusudiwa. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walitangaza hatua kubwa zaidi. Mtu aliyepooza tangu mwaka 2007 alijaribu kuandika kwa mkono usiosogea. Elektrodi zilizopandikizwa ubongoni mwake zikawezesha kompyuta kuitambua kila herufi, kwa kasi ya herufi 90 hivi kwa dakika.

Kilichosomwa hapo ni juhudi ya kuumba herufi, ambayo ubongo uliihifadhi miaka yote ya kupooza. Kama mtu huyo asingefundishwa kuandika, mashine isingekuwa na la kusoma.

Kwa hiyo, kumruka mtoto asiyesema katika somo la kusoma, ati hawezi kujibu, ni kumfungia mlango mara mbili. Mbinu ile ya mwaka 1988 yawezekana hata pasipo umeme. Mwalimu apange herufi kwa mistari kwenye kibao, auonyeshe mstari mmoja mmoja kwa kidole, na mtoto afumbe macho ufikapo mstari autakao. Kisha waendelee hivyo hivyo kwa herufi zake. Wanaohofia wingi wa wanafunzi darasani wakumbuke kuwa wenzake, wakielekezwa, wataweza kukishika kibao kwa zamu. Kazi ni ya polepole, lakini mtoto aliyetaja jina lake kwa njia hiyo amekwisha kusema.

Ndugu wanachuo, hatuzipingi mashine. Nyingi zingali katika majaribio, na siku zitakapomfikia mtoto huyo, zitamtaka herufi. Tumpe leo.