Ndege iliyogeuzwa ipitishwe mara moja

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kwa ndege kati ya Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam huuliza mambo mawili: kilo ni shilingi ngapi, na utafika lini. Ni nadra aulize kama ndege hiyo ilitoka kiwandani ikiwa ya mizigo, au ilikuwa ya abiria ikang'olewa viti.

Ndege nyingi za mizigo duniani ni hizo zilizogeuzwa. Ubavuni hukatwa mlango mkubwa, sakafu huimarishwa, na nyuma ya marubani huwekwa kizuizi imara ili mzigo usiwafuate. Kila badiliko lazima liwe na data za kihandisi: michoro, mahesabu ya uimara, mgawanyo wa uzito, matumizi ya umeme, majaribio ya moto na maelekezo ya matengenezo. Mamlaka ikiridhika, hutoa cheti cha nyongeza.

Anayeona huo ni urasimu akumbuke Swissair 111. Septemba 2, 1998, ndege hiyo aina ya MD-11 ilianguka baharini karibu na Halifax, Kanada, na watu wote 229 walikufa. Ilikuwa imefungwa mfumo wa burudani kwa abiria, na mfumo huo ulikuwa na cheti. Wachunguzi wa Kanada walikuta umeme wake umeunganishwa kwa namna ambayo swichi ya kukata umeme wa kebini haikuuzima. Mwaka uliofuata Marekani ilikiondoa cheti hicho.

Kwa hiyo sisemi ukaguzi ulegezwe. Ninachokipinga ni kuurudia. Ndege ikihamia sajili ya nchi nyingine, nchi hiyo ndiyo hubeba wajibu wa usalama wake, na faili lile lile hufunguliwa upya. Karatasi ikikosekana, labda kwa kuwa kampuni iliyofanya kazi hiyo ilishafungwa, ndege hulala uwanjani. Gharama za kulala huko tunazilipa sisi kwenye bei ya kilo, na minofu ya sangara wa Mwanza haisubiri faili.

Kwenye forodha tulishakubaliana: chini ya Himaya Moja ya Forodha, ushuru hulipwa mara moja. Angani tunayo CASSOA, chombo cha Jumuiya kilichoanzishwa 2007, chenye makao Entebbe. Kimesaidia kuoanisha kanuni, lakini vyeti bado hutolewa na kila nchi.

Kipewe wahandisi wa kuzipitia data hizi kwa niaba ya wote, na uamuzi wao ukubalike Kigali sawa na Dodoma. Najua serikali hazitapenda, maana ajali ikitokea ni zenyewe zitakazoulizwa (na ada nazo zina utamu wake). Basi tuanze na padogo: rejista moja ya mabadiliko yaliyokwisha kupitishwa, inayosomwa na mamlaka zote. Vyama vyetu vya wafanyabiashara, ambavyo kila mkutano hulalamikia mizani na vizuizi vya barabarani, vilidai na hili.