SHAMBA LA WOTE: TUANDIKANE KABLA YA MVUA



Mwezi wa 9 unapokwisha, jua ni kali na udongo ni mgumu kama tofali. Huku Katanga tuna msimu mmoja tu wa mvua: unaanza kati ya mwezi wa 10 na wa 11, unakwisha mwezi wa 4. Asiyetayarisha shamba mapema atakula kwa kununua mwaka mzima. Ndiyo maana katika mitaa mingi watu wanaitana kwenda kulima shamba la wote. Tunawasifu sana. Lakini wako wengi wanaobaki nyumbani, na viongozi wengine wanawaita wavivu. Neno hilo tunalikataa.

Watu hao wanakumbuka. Sheria ya mwaka 1917 iliwalazimisha wazee wetu kulima pamba, mpunga na mihogo kwa kipimo cha serikali ya Wabelgiji; aliyekataa alipata faini au kifungo. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku za kilimo cha lazima zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, watu wakadhani mambo hayo yamekwisha. Kumbe, katika miaka ya 1970, Mobutu alileta salongo: kazi ya bure kila juma, iliyosifiwa kuwa ya kupenda nchi, na asiyefika aliadhibiwa. Basi leo mtu akiambiwa, "Njoo ujitolee," anajiuliza moyoni: mavuno atakula nani? Swali hilo ni la haki, na sharti lijibiwe.

Sisi makarani wa migodi tunajua jambo moja: siku isiyoandikwa hailipwi. Lakini katika mashamba mengi ya wote hakuna daftari hata moja. Majina ya wakubwa wa komiti yanajulikana. Majina ya walioshika jembe hayajulikani. Mama zetu wanapanda, wanapalilia, wanabeba mizigo kichwani, na siku ya kugawana mahindi ni wanaume wanaosema.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu yafanyike kabla ya mbegu kuingia udongoni.

Kwanza, kila anayekuja aandikwe jina na siku yake, mwanamke kama mwanaume, na daftari lisomwe mbele ya wote kila juma.

Pili, watu wapatane sasa juu ya kugawana: sehemu gani ni mbegu ya mwaka ujao, gani ya wajane na wagonjwa, gani ya waliofanya kazi.

Tatu, kujitolea kuwe kujitolea kweli. Pasiwe na faini wala kutukanwa. Asiyekuja hana sehemu katika fungu la waliolima, hiyo yatosha.

Tena, nguvu zisimalizwe siku ya kwanza. Siku hiyo watu ni wengi na nyimbo ni nyingi. Lakini mahindi yakiisha kuota, baada ya juma mbili au tatu majani yanayasonga, mvua inanyesha kila siku, na shambani wamebaki watu watano. Hapo ndipo mavuno yanapotea. Komiti yenye akili itaandika mapema nani atalima, nani atachimba udongo wa vichuguu na kuumwaga shambani, nani atapalilia. Mistari ya mahindi iachane sentimeta 75 ili jembe lipite vizuri.

Wengine watasema daftari linaleta mashaka kati ya ndugu. Tunajibu: mashaka yako tayari, nayo yanatoka katika kugawana bila hesabu. Ndugu hawaogopi kusomewa majina yao.

Tukumbuke pia kwamba bukari yetu ya mjini inategemea sana unga wa Zambia. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya huko, na serikali yao ikatangaza msiba wa taifa. Taifa huru linalongoja chungu cha jirani lina uhuru wa nusu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Twendeni shambani, ndugu, kwa moyo wetu wenyewe. Lakini kabla ya kuinua jembe, kila mmoja aulize komiti yake: daftari liko wapi?