Tiara Isiyo na Uzi

Sisi watu wa mwambao tumekua tukizirusha tiara. Upepo ukivuma vizuri, watoto hutafuta chelewa za mnazi, karatasi na uzi, na kabla ya magharibi mbingu ya mtaa huwa imejaa. Tiara ina jambo moja ambalo hatukulitia maanani zamani, nalo ni ule uzi wake. Ikianguka katika ua wa mtu ikamvunjia chombo, mwenye ua hana haja ya mpelelezi. Huufuata uzi, na mwisho wa uzi humkuta mtoto. Mtoto akakanywa, mzee wake akaomba radhi, mambo yakaisha.

Siku hizi imetujia tiara ya namna nyingine, nayo ni droni, ile ndege ndogo isiyo rubani. Hapana arusi kubwa mjini isiyopigwa picha kutoka juu, na Maulidi ya Lamu vilevile. Mimi si adui wa chombo hiki. Rwanda wamekuwa wakipeleka damu hospitalini kwa droni tangu mwaka 2016, na ni nani atakayesema hilo si jema? Lakini droni haina uzi. Anayeirusha aweza kuwa nyuma ya nyumba, au juu ya dari, au mtaa wa tatu. Hapo ndipo hatari yake inapoanza, hasa karibu na viwanja vya ndege.

Tutazame yaliyotokea Uingereza. Usiku wa tarehe 19 Desemba 2018, watu walisema wameona droni juu ya uwanja wa Gatwick, karibu na London. Wakubwa wa uwanja wakaifunga njia ya kurukia ndege. Kila walipotaka kuifungua, habari zikaja kwamba droni imeonekana tena. Mambo hayakutulia mpaka tarehe 21. Safari kama 1,000 zikaharibika, na abiria wapatao 140,000 wakakwama siku chache kabla ya Krismasi. Polisi walipeleleza hadi Septemba 2019 wakafunga jalada bila ya kumpata mtu. Hata wako waliotia shaka kama hiyo droni ilikuwapo kweli.

Jambo lililonigusa zaidi ni jingine. Katika siku zile mume na mke wa mji wa jirani walikamatwa, wakawekwa ndani kama saa 36, na magazeti yakawaanika majina na sura zao. Kumbe hawakuwa na hatia yoyote. Wakaachiliwa, na mwaka 2020 polisi wakalipa jumla ya pauni 200,000, fidia na gharama za kesi zikiwa ndani yake. Fedha walizipata, lakini jina lililochafuliwa mbele ya ulimwengu halisafishwi kwa hundi.

Yuko atakayeuliza: kitu cha kilo moja kitaifanya nini ndege kubwa? Ajue kwamba hata ndege wa manyoya huiangusha. Tarehe 15 Januari 2009, mabata bukini waliingia katika injini zote mbili za ndege ya abiria mjini New York, na rubani akalazimika kutua juu ya mto Hudson. Watu wote 155 waliokoka. Nayo droni si nyama na manyoya. Ina mota za chuma na betri ngumu. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, waliifyatua droni ya kiasi cha kilo moja kwenye bawa la ndege ndogo, kwa mwendo wa kama kilomita 380 kwa saa. Ililipasua bawa, ikazama ndani na kuuharibu mhimili wake.

Wala hayo si ya maabara tu. Oktoba 2017, huko Québec, Kanada, ndege ndogo yenye watu wanane iligongwa bawani na droni ilipokuwa ikikaribia kutua. Ilitua salama. Aliyeirusha droni hakujulikana. Januari 2025, Los Angeles ilipokuwa ikiungua, droni ilitoboa bawa la ndege iliyokuwa ikizima moto, ikabidi iegeshwe wakati ambapo kila tone la maji lilihitajika. Huyu mwenyewe alipatikana, akakiri kosa. Alikuwa ameirusha mbali mpaka ikampotea machoni!

Basi mkuu wa uwanja akisikia neno droni hufunga, kwani hawezi kuzicheza roho za watu. Ndugu zetu waendao kazini au kwenye biashara Dubai huenda wanakumbuka mwaka 2016, uwanja ule uliposimama dakika 69 mwezi Juni, kisha ukafungwa tena Septemba na Oktoba. Septemba 2025 ilikuwa zamu ya Copenhagen, kwa muda wa kama saa nne.

Je, kwetu? Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Safari za Ndege, isipae zaidi ya futi 400, wala isirushwe bila ya idhini ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege, au kilomita 7 za uwanja mdogo. Hebu tupime. Uwanja wa Manda uko ng'ambo tu ya mlango wa bahari wa Lamu, kwa hivyo mji mzima wa kale umo ndani ya mpaka huo. Uwanja wa Malindi uko pembeni mwa mji. Mombasa, kuanzia Magongo na Port Reitz hadi sehemu kubwa ya kisiwa, hali ni hiyo hiyo. Ni mpigapicha gani wa arusi huomba idhini? Na ni baba gani wa bibi arusi humwuliza?

Mimi naona tuulize, na tuulize sasa. Siku droni itakapoonekana mbele ya ndege inayotua Mombasa, na uzi wa kufuata haupo, atatafutwa mtu wa kuvishwa kosa. Sisi wa pwani twajua vijana wa nani hukamatwa mwanzo na kuulizwa baadaye. Yale ya Gatwick yaliwapata watu waliolipwa fidia katika muda wa miaka miwili. Wetu watalipwa na nani?

Kwa hivyo mwenye droni na aisajili na kuiombea idhini, na anayemkodi asione haya kumtaka aonyeshe karatasi zake. Serikali nayo irahisishe njia ya kuipata idhini hiyo, maana mlango ukiwa mgumu, watu hupita dirishani. Tiara ilikuwa na uzi wa pamba. Hii yataka uzi wa jina la mtu, lililoandikwa na kujulikana, ili likitokea la kutokea aulizwe mwenyewe, asiulizwe jirani yake.