Kompyuta Imesema Binti Yangu Hatapona?

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua iliyotukosesha raha. Binti yake ameolewa na anaishi Sweden. Tangu ajifungue mtoto wa pili hapati usingizi, hata pale mtoto mwenyewe anapolala fofofo. Amepewa tiba kwa njia ya intaneti na kliniki moja inayoshiriki utafiti. Wiki ya nne mshauri wake alimpigia simu, akamwambia kwamba hesabu ya kompyuta imemweka katika kundi jekundu, yaani la wale ambao huenda tiba isiwasaidie. "Dada nesi," anauliza mama huyu, "mashine imeujuaje moyo wa mwanangu? Na je, ndiyo kusema hatapona?"

Tuanze na hilo la pili, maana sasa mama naye halali. La hasha, kundi jekundu si hukumu. Akina mama wenzetu mnaikumbuka kadi ya kliniki ya mtoto, yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Nukta ya uzito ikishuka kwenye nyekundu, hakuna nesi anayesema mtoto huyu basi tena. Anasema, mama, kaa hapa kwanza tuzungumze.

Tena mstari huo huona mapema kuliko macho yetu. Tulipokuwa wageni kazini, alikuwa akija kliniki mama mmoja mcheshi sana, mwanawe kavalishwa kofia na soksi safi. Miezi miwili mfululizo uzito haukuongezeka, mstari ukalala. Sisi tulimtazama mama, hatukuutazama mstari. "Anaendelea vizuri," alituambia, nasi tukaandika hivyo hivyo. Mwezi wa tatu alimleta mtoto miguu imevimba. Mtoto alipona, lakini soksi zile hatujazisahau.

Wataalamu wa tiba ya mazungumzo nao wana ugonjwa huu wetu wa kutumaini mema. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, miongoni mwao Michael Lambert wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, walitoa matokeo ya jambo walilolipima. Waliwauliza washauri ni nani kati ya wateja wao 550 watamaliza tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Washauri walitaja watu 3 tu. Waliozidiwa hasa walikuwa 40, na katika wale 3 waliotajwa, mmoja tu ndiye aliyekuwamo. Si kwamba washauri hao walikuwa wazembe. Aliyekaa na mtu na kumpenda hapendi kuona kwamba msaada wake haufiki.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Tiba anayopata binti huyu ni ya kujifunza upya fikra na mwenendo. Kila wiki anasoma somo kwenye kompyuta, anajaza daftari la usingizi, anafanya mazoezi kama kuamka saa ile ile kila siku na kutokaa kitandani akiwa macho, na mshauri anamjibu kwa maandishi. Kila wiki pia anajibu maswali. Kipimo kimoja cha kukosa usingizi kina maswali 7, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 28. Kile kinachotumika sana kwa sonona kina maswali 9, na alama zake hufika 27.

Kompyuta hulishwa majibu ya watu wengi waliokwisha kumaliza tiba, waliopona na wasiopona. Hutafuta yenyewe ni dalili zipi za wiki za mwanzo ziliwatenganisha: alama zilishukaje, masomo yalisomwa au yaliachwa. Kisha humtazama mgonjwa mpya na kuuliza, huyu anafanana na akina nani? Basi. Moyo wa mtu haiujui hata kidogo, wala haijui kwamba mtoto wa kwanza anaumwa au kwamba mume yuko zamu za usiku.

Jambo hili lilijaribiwa huko huko Stockholm, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 251 wa kukosa usingizi walipewa tiba ya wiki 9 kwa intaneti. Wiki ya 4 hesabu ilifanywa, na 102 wakaonekana wako hatarini. Hao waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu waliendelea kama kawaida, na nusu mshauri alitafuta kilichowakwamisha na kuwabadilishia tiba. Waliobadilishiwa walipata nafuu zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo ile simu iliyomtisha mama yetu ndiyo hasa dawa tuliyokuwa tukiitafuta.

Hatusemi mashine haikosei. Hukosea, tena si mara moja moja. Wapo wanaotiwa wekundu wakapona bila msaada wa ziada, na wapo wanaoachwa nje huku wanazama. Sisi tuna wasiwasi mwingine pia. Mashine iliyofundishwa kwa majibu ya Waswidi itamwelewaje mwanamke wa kwetu, ambaye akilemewa husema "nina mawazo" au "moyo unaenda mbio", na akiulizwa na mtu wa kliniki hujibu "sijambo" kwa adabu tu?

Halafu kuna siri. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya tiba ya mazungumzo ya Vastaamo, huko Finland, ziliibwa. Wagonjwa waliandikiwa moja kwa moja wakidaiwa fedha, la sivyo waliyomwambia mshauri yangeanikwa hadharani. Binti ana haki ya kuuliza majibu yake yanatunzwa wapi na nani anayasoma.

Mama, ukimpigia simu usimuulize kompyuta imesema nini. Muulize wiki ile ya tatu alijibu maswali kwa kweli, au alijaza haraka mtoto akilia. Muulize ni zoezi gani limemshinda, na kama amemwambia mshauri wake. Mwambie kwamba kuwa na mtoto mchanga ni habari ambayo mshauri lazima aijue, maana kanuni za kulala huwekwa tofauti kwa anayenyonyesha usiku. Na iwapo atakuambia kwamba amefika kutamani asiwepo, asingojee somo la wiki ijayo. Huko Sweden ushauri wa afya hupatikana kwa simu 1177, na kwa hatari ya papo hapo ni 112.

Barua yako tumeiweka mezani. Tuandikie akishajibu.