Swali ambalo sikuwafundisha wanafunzi wangu

UBAO WA JUMAPILI
Na Mwanahamisi Kombo

Jumamosi iliyopita mtoto wa dada yangu alifika kwangu Ngamiani na kompyuta begani, akatoa shikamoo akiwa bado mlangoni, kisha akaketi barazani bila hata kuvua baibui. Nikajua kuna jambo. Binti huyu anafanya kazi benki, ana shahada nzuri ya uhasibu, na tangu mwaka jana amekusudia kwenda nje kusoma MBA. Chuo anachokitaka kimemwambia alete alama za GMAT, mtihani wa kuwachuja waombaji wa vyuo vya biashara. Usiku wa Ijumaa alikuwa amefanya mtihani wa majaribio, akapata 485.

"Mama mdogo, mimi hesabu naziweza," alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli, nilimfundisha. Nikavaa miwani, nikaomba anionyeshe. Sehemu ya hesabu ilikuwa na maswali 21 ya kujibiwa kwa dakika 45. Maswali 14 ya mwanzo aliyajibu, mengi kwa usahihi. Saba ya mwisho hakuyagusa kabisa, muda ulikuwa umekwisha. Nilipotazama muda aliotumia kwa kila swali, nikaona manne yalikuwa yamemla zaidi ya dakika tano kila moja.

"Kwa nini hili hukuchagua jibu lolote ukasonga mbele?"

"Nitaliachaje swali, mama mdogo? Nikiliacha najiona nimeshafeli."

Maneno hayo yamenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu najua aliyatoa wapi. Kwa miaka 22 nilisimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto wa watu: onyesha njia, usiache swali, ukikwama rudi mwanzo uanze upya. Na kwa mitihani yetu nilikuwa sahihi. Msahihishaji wa hisabati hutoa alama za njia. Hata ukikosea jibu, hatua tatu zilizonyooka zitakupa kitu. Mtoto aliyezama ndani ya swali moja kwa nusu saa hatoki mikono mitupu. Lakini GMAT haina msahihishaji. Hakuna anayeiona karatasi yako ya kukokotolea, na njia yako nzuri haikuongezei hata nukta. Ama umelipata jibu au hukulipata, na yale usiyoyajibu mwishoni hukupunguzia alama.

Nimeamua kuandika juu ya mtihani huu kwa kuwa kila mwaka vijana wetu wa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wanauendea kama wanavyouendea mtihani wa mwisho wa sekondari, na wanarudi wakiamini kwamba hawana akili. Akili wanazo. Hawakuambiwa tu wanaulizwa nini.

Mtihani huu ulizaliwa Marekani. Mwaka 1953 vyuo tisa vya biashara, vikiwemo Harvard, Columbia na Chicago, vilikaa pamoja kutafuta kipimo kimoja cha kuwachuja waombaji wao, na mwaka uliofuata mtihani wa kwanza ukafanyika. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976. Tangu 1997 unafanywa kwa kompyuta, na kompyuta hiyo hukupangia maswali kulingana na unavyojibu: ukipata, linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi, ukikosa, huelekea kuwa jepesi. Ndiyo maana maswali yakizidi kukuelemea huenda unafanya vizuri kuliko unavyodhani. Binti yangu alipoona maswali yanakuwa magumu alidhani anaharibikiwa, akaanza kutetemeka, akang'ang'ana zaidi. Angejua, angetulia.

Mwishoni mwa 2023 wenye mtihani, baraza la GMAC, waliubadilisha sana, na hapa ndipo wengi wanapotezwa na vitabu vya zamani wanavyorithishana. Insha imeondolewa. Jiometria imeondolewa. Yale maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza, yaliyokuwa yakiwatesa hata wanaokizungumza vizuri, nayo yameondolewa. Sasa kuna sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, ufahamu na hoja, na uchambuzi wa takwimu. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Kikokotoo unapewa kwenye sehemu ya takwimu peke yake. Huwezi kuruka swali bila kulijibu, ila unaweza kuliwekea alama, na muda ukibaki mwishoni unaruhusiwa kurudi na kubadili majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu. Kwa hiyo kuacha swali kwenye GMAT maana yake ni kubahatisha kwa busara, kuliwekea alama na kwenda zako.

Hata alama zenyewe zimebadilika. Zamani zilianzia 200 hadi 800, sasa ni 205 hadi 805, na zote huishia na tano ili zisichanganywe na za kale. Kijana anasoma kwamba waliofaulu sana walipata 700, anapata 645, anajifungia chumbani. Kumbe kwa ulinganisho wa GMAC wenyewe, 645 ya sasa inakaa palepale ilipokuwa 700 ya zamani. Nimekutana na watu wazima, wenye vyeo, wanaowashauri vijana kwa kipimo kilichokufa.

Lakini kilichonifanya nisilale usiku ule ni aina moja ya maswali iliyomo kwenye sehemu ya takwimu. Kwa Kiswahili ningeyaita maswali ya utoshelevu. Yamekuwa ndani ya mtihani huu kwa miaka mingi, na sijayaona katika mtihani wetu wowote. Unapewa swali, kisha taarifa mbili. Huambiwi utafute jibu. Unaulizwa: je, taarifa hizi zinatosha kulipata? Majibu ya kuchagua ni matano, na hayabadiliki: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, zote mbili kwa pamoja zinatosha ila hakuna inayotosha peke yake, kila moja peke yake inatosha, au hata zikiunganishwa hazitoshi.

Nilimtungia moja palepale barazani. Mfanyabiashara alinunua machungwa Muheza, akayauza yote Tanga mjini. Alipata faida ya shilingi ngapi? Taarifa ya kwanza: kila chungwa aliliuza kwa shilingi 50 zaidi ya bei aliyonunulia. Taarifa ya pili: alinunua machungwa 600.

Binti akachukua kalamu. "Elfu thelathini," akasema.

"Sikukuuliza ni ngapi."

Akanitazama. Akarudia hesabu, akidhani amekosea. Hakukosea kuzidisha. Alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Ya kwanza peke yake haitoshi, maana hatujui machungwa mangapi, ya pili peke yake haitoshi, maana hatujui faida ya kila moja, zikiunganishwa zinatosha. Basi, umemaliza, weka kalamu chini. Sekunde ishirini. Yale mengine ni muda alioutupa. (Aliniuliza pia, "Na nauli ya kutoka Muheza?" Nikafurahi mno. Mtihani wenyewe ungetangulia kusema hakuna gharama nyingine, lakini mtu anayeuliza nauli iko wapi ameanza kufikiri wanavyotaka afikiri.)

Nikampa la pili, hili la kihisabati. Je, x ni kubwa kuliko sifuri? Taarifa ya kwanza: x ikizidishwa kwa x ni 9. Ya pili: x ikizidishwa kwa x, kisha kwa x tena, ni 27. Akasema kila moja inatosha, x ni 3. Mtego ule umewanasa wengi. Taarifa ya kwanza inaruhusu x iwe 3, na inaruhusu pia iwe hasi 3, kwa hiyo haijatuambia kitu. Ya pili ndiyo inayofunga mlango, maana hasi ikizidishwa mara tatu hubaki hasi. Kosa lake halikuwa la kutojua. Aliifahamu hasi 3 tangu kidato cha kwanza. Aliliona jibu moja linalofaa, akaridhika, akaacha kutafuta la pili.

La tatu lilimkasirisha. Je, idadi ya wanafunzi darasani ni namba shufwa? Taarifa ya kwanza: wakigawanywa katika makundi mawili yaliyo sawa, mmoja anabaki. "Haitoshi," akasema, "si wanakuwa witiri?" Nikamwambia ndiyo, ni witiri, basi jibu la swali ni hapana, na hapana yenye uhakika ni jibu. Taarifa inatosha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Yeye, na mimi niliyemlea kimasomo, tulizoea kwamba hapana ni kushindwa.

Nakiri kwamba katika miaka yangu yote 22 sikuwahi hata mara moja kumpa mwanafunzi swali lisilo na taarifa za kutosha ili aniambie hazitoshi. Kila swali nililoandika ubaoni lilikuwa na jibu, na kila namba iliyomo ilikuwa ya kutumika. Mwanafunzi mjanja alilijua hilo: akibakiwa na namba ambayo hajaitumia, anaichomeka mahali. Halafu tunamtoa mtoto huyo tunampeleka akaidhinishe mikopo. Mteja anakuja na mauzo ya miezi mitatu ya msimu wa sikukuu, na afisa, aliyefundishwa kwamba namba zilizopo daima zinatosha, anapiga hesabu safi kabisa na kutoa mkopo usiolipika. Hesabu haina kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: bado sijui, nileteeni miezi mingine tisa.

Kwa sababu hiyo siungani na ndugu zangu wanaosema mtihani huu ni ukuta uliojengwa kutuzuia sisi. Una dhulma zake, nitazitaja. Lakini kilichomo ndani si siri ya watu wa mbali. Angalia maswali ya hoja. Unaambiwa: mwaka jana barabara iliwekewa taa, ajali zikapungua, kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza ajali, ni lipi kati ya haya linaidhoofisha hoja? Jibu ni kwamba mwezi uleule ilifunguliwa barabara ya pembeni na malori yote yakahamia huko. Bibi zetu wauza samaki hawadanganyiki kwa hoja ya namna hiyo hata dakika moja. Anayedanganyika ni msomi aliyezoeshwa kukariri.

Dhulma ya kwanza ni bei. Kuufanya mara moja ni karibu dola 300, na kwa kijana wa mshahara wa kawaida hapa hizo ni fedha za kodi ya miezi kadhaa. Mtoto wa tajiri ataufanya mara tatu na kupeleka alama iliyo bora. Kanuni inamruhusu, mradi zipite siku 16 kati ya jaribio na jaribio na asizidi mara tano ndani ya miezi 12. Mtoto wa mvuvi ana risasi moja. Dhulma ya pili ni lugha, kwani dakika mbili za anayesoma kwa lugha ya mama yake hazilingani na dakika mbili za anayesoma kwa lugha ya tatu. Vyuo vinavyojisifu kwa kupokea wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia vinapaswa kuisoma alama ya mtoto wetu pamoja na alikotoka. Vingine hufanya hivyo, na vingine husamehe kabisa mtihani au kupokea mtihani mwingine, GRE, badala yake. Ulizeni kabla ya kulipa.

Dhulma ya tatu tunafanyiana sisi kwa sisi. Kuna watu wanaouza maswali wanayodai yamevuja, na wanayauza kwa bei ya kuumiza. Kila mtahiniwa hupangiwa maswali yake kutoka hazina kubwa, hivyo unachonunua hakikusaidii, na ukigundulika unapoteza kila kitu: mwaka 2008 GMAC walifuta alama za watu waliohusishwa na tovuti iliyouza maswali halisi. Wakati huohuo mitihani miwili kamili ya majaribio, ya GMAC wenyewe, inapatikana bure. Binti yangu alikuwa ameshalipa mtu wa namna hiyo kabla hajaufungua hata mmoja wa ile ya bure. Sikumgombeza, alikuwa ameshajigombeza.

Jambo moja lilimtuliza kuliko yote niliyosema. Siku ya mtihani wenyewe, ataziona alama zake kwanza, kisha atakuwa na saa 48 za kuchagua hadi vyuo vitano vya kupelekewa bila malipo ya ziada. Zikiwa mbaya, hakuna chuo kitakachozipata kabla yeye hajaamua. "Kwa hiyo naweza kukosea bila kuaibika?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, mwanangu.

Jumamosi hii anakuja tena. Nimemwandalia maswali 20 ya utoshelevu, yote ya machungwa, samaki, nauli na mikopo, na saa ya jikoni itakayolia kila baada ya dakika mbili. Nimemwambia kalamu aiache nyumbani.