Duka Moja, Namba Moja, Hata Kama Simu ni Tano

Leo najua kuna watakaonibishia, ila nasema: kujaza namba nne kwenye bango la duka sio ukubwa. Ni kumfungulia tapeli mlango. Somo hili nimelilipia.

Nilipomaliza form four nilikaa kama mwaka hivi kwenye ofisi ya mjomba pale Posta, karibu na Samora. Kulikuwa na laini moja ya simu ya mezani, zile za TTCL zinazoanza na 022. Mjomba alikuwa ameichomekea simu mbili zisizo na waya, za kampuni tofauti, kwa kile kiplagi kinachogawa njia mara mbili. Moja mezani kwake, moja kwetu mapokezi. Mteja akipiga zinaita zote, anayewahi anapokea.

Usumbufu ulikuwepo. Kila simu inaitambua mashine yake tu, kwa hiyo huwezi kumrushia mwenzako mteja kwa kubonyeza. Unapiga kelele, "Mjomba, nyanyua!" Na mmoja akiwa anaongea, mwingine hapigi popote. Akinyanyua anasikia maongezi yote. Ila mteja alijua namba moja tu, miaka yote. Wafanyakazi wakaja wakaondoka, namba ikabaki.

Nilipopata frem Kariakoo ya mikoba ya kike, nikafanya kinyume. Namba yangu ya kwanza, ya pili ya mtandao mwingine, ya mdogo wangu anayekaa stoo, na ya dada wa dukani. Nikajiona bosi.

Siku moja mkoba wa maruni umebaki mmoja. Mimi nauza kwa mteja wa Mbagala, mdogo wangu kwenye namba yake anauza huo huo kwa dada wa Mbeya mwenye send-off Jumamosi. Wote wamelipa. Nikamrudishia wa Mbeya pesa yake na pole nyingi, ila siku yake ilishaharibika.

Hilo lilikuwa dogo. Mteja wangu mwingine akapata ile meseji tunayoijua wote, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tulikuwa tumeshakubaliana bei, akajua ni mimi nimebadili tena namba. Akatuma elfu 45 kwa tapeli. Aliponipigia analia nilitaka kumwambia angekuwa makini. Nikashindwa. Mimi ndo niliyemzoesha kwamba duka langu kila wiki lina namba mpya. Nikampa mkoba wake bure.

Kuna wanaosema kila mtandao una wateja wake. Zamani nakubali, kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Sasa hivi mteja anakuchati WhatsApp, na pesa inatoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Hoja hiyo imepitwa.

Kwa hiyo nikarudi kwa mjomba: namba moja, simu nyingi. Tangu 2023 WhatsApp inakubali akaunti moja kwenye simu zaidi ya moja. Ile kuu yenye laini, na vifaa vingine vinne. Ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, mwenzako ascan, kazi imeisha. Simu kuu iguse mara kwa mara, ikipita siku 14 bila kutumika zingine zinatoka zenyewe.

Tofauti na ya mezani, hapa wote mnaweza kuchati kwa wakati mmoja. Ndo maana lazima muwe na utaratibu. Kwangu daftari la mzigo ni moja, na anayesema "imelipiwa" ni mmoja tu, mimi. Laini yenye pesa naikaa nayo mwenyewe, PIN haiungwi na mtu. Mfanyakazi akiondoka, namtoa kwenye simu kuu hapo hapo.

Na hiyo laini iwe imesajiliwa kwa NIDA yako na kidole chako. Ukitumia laini ya mfanyakazi, siku akiondoka anaondoka nayo na wateja wote. Piga *106# uangalie zipi ziko kwa jina lako.

Kwenye page yangu sasa nimeandika: "Namba yetu ni hii moja. Ukiambiwa tuma kwingine, sio sisi. Soma jina kabla ya kuweka PIN."

Kuhama kunauma kidogo. Mimi niliziacha zile tatu hewani kwa muda, kila anayetext namjibu kwa namba kuu, mpaka wakazoea. Leo usiku hesabu duka lako lina namba ngapi. Halafu jiulize: tapeli akiongeza ya kwake moja, mteja wako ataitambuaje?